Maadili kwa wanafunzi wa biashara: somo la peke yake, ndani ya kila somo, mazoezi ya kusema, au malezi?

Kila mapitio ya mtaala yanapofika, idara ya biashara hurudia mjadala uleule. Mmoja anataka somo la maadili liongezwe kwenye ratiba. Mwingine anasema ratiba imejaa, maadili yaingizwe ndani ya uhasibu, masoko na fedha. Wa tatu anakumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kijana wa miaka 22 alishakauka zamani, kwa hiyo tuwafundishe kazi na mengine tuwaachie wazazi, msikiti na kanisa. Kikao kinakwisha kwa kuunda kamati ndogo.

Nimefundisha uhasibu na ukaguzi kwa miaka ya kutosha kukaa kwenye kamati hizo. Namwandikia mwenzangu aliyekwama katikati: mkuu wa idara mwenye nafasi moja tu kwenye ratiba, mhadhiri aliyepewa somo asilolisomea, mwalimu wa muda anayeingia darasani mara moja kwa wiki. Njia ni nne. Zote zina walimu makini wanaozitumia, na kila moja ina mahali inapobana na mahali inapopwaya.

Hoja ya samaki naijibu kwanza, maana hiyo ikishinda hakuna haja ya kulinganisha chochote. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Frank, Thomas Gilovich na Dennis Regan, walionyesha kwamba wanafunzi wa uchumi walikuwa wepesi kuliko wa fani nyingine kumgeuka mwenzao katika mchezo ambao ushirikiano ungewafaidi wote wawili. Sehemu ya tofauti hiyo huenda walikuja nayo chuoni, lakini sehemu nyingine ilielekea kuwa zao la masomo yenyewe. Mwaka 2006 Donald McCabe na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 5,000 wa shahada za juu katika vyuo 32 vya Marekani na Kanada. Asilimia 56 ya wanafunzi wa biashara walikiri kufanya udanganyifu wa kimasomo katika mwaka uliotangulia, dhidi ya asilimia 47 ya wasiosoma biashara. Naye Sumantra Ghoshal, aliyefundisha London Business School hadi alipofariki mwaka 2004, alionya kwamba tukimfundisha mtu kuwa binadamu hutafuta faida yake tu na kwamba hakuna wa kuaminiwa bila kulindwa, tusishangae akienda kuishi hivyo.

Kwa hiyo samaki bado anakunjika, na sisi tunamkunja kila kipindi, hata tunapodhani tunafundisha uchakavu wa mali na urari wa hesabu tu. Kilichobaki kuamua ni kwa mkono gani.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Darasani panafanyika nini hasa? Inamdai nini mwalimu? Mwanafunzi anabaki na nini siku anapokalia kiti cha ofisini? Inavuja wapi? Inamfaa nani? Uzuri wa silabasi kwenye karatasi sikuupima, kwa sababu karatasi huvumilia kila kitu. Kati ya maswali hayo, la tatu ndilo linaloninyima usingizi, na msomaji ataona nimelipa uzito zaidi.

Njia ya kwanza: somo la maadili linalojitegemea

*Darasani.* Somo lina namba yake, saa zake na mtihani wake. Kwa kawaida huanza na misingi: kutenda kwa kufuata wajibu, kutenda kwa kutazama matokeo, kutenda kwa sababu ya tabia iliyojengeka. Kisha hufuata kanuni za taaluma. Mhasibu atasoma nguzo tano za kanuni za kimataifa, yaani uadilifu, kutopendelea, umahiri na umakini, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Hizo atakutana nazo tena akifanya mitihani ya bodi ya taaluma, kama bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, kwa Tanzania. Halafu huja mjadala mkubwa ulioshika kasi baada ya Milton Friedman kuandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida ndani ya sheria na taratibu za mchezo.

Sisi tuna mjadala wetu ambao wahadhiri wengi wanauruka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni na kumiliki nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Wape wanafunzi maandiko yote mawili na uwaulize: afisa ununuzi ambaye mkewe ana kampuni inayoiuzia ofisi yake karatasi, anavunja nini? Darasa linaloamini maadili ni mahubiri huamka papo hapo.

*Kwa mwalimu.* Linadai mtu aliyesoma falsafa kidogo na biashara ya kutosha. Mara nyingi hupewa mwenye vipindi vichache, na wanafunzi hulitambua hilo wiki ya kwanza.

*Kinachobaki.* Msamiati. Hili si dogo. Kijana anayejua kuliita jambo "mgongano wa maslahi" analiona linapokuja, wakati asiye na jina lake huona tu ukarimu wa bosi.

*Panapovuja.* Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa zaidi ya 60. Ilianguka Desemba 2001. Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wake, alisoma shahada ya uzamili ya biashara Harvard, na Andrew Fastow, mkuu wa fedha, alisoma Northwestern. Hawakukosa msamiati. Baada ya kashfa zile Harvard yenyewe iliweka somo la lazima la uongozi na uwajibikaji kwa mwaka wa kwanza, kuanzia 2004, lakini hatari ya msingi haijaondoka: mwanafunzi huyaweka maadili kwenye sanduku la Alhamisi saa nane mchana na kulifunga saa kumi. Nimewahi kusahihisha karatasi mbili za mtihani wa maadili zilizofanana hadi makosa ya tahajia. Wote wawili walikuwa wameeleza uadilifu vizuri kabisa.

*Inamfaa* idara yenye mwalimu mmoja anayeipenda kazi hii kwa dhati, au inayotakiwa na bodi ya taaluma kuonyesha ushahidi wa kufundisha maadili. Inawafaa pia wanafunzi wa jioni walio kazini tayari. Wao huja na visa vyao mkononi na wanachokitafuta ni majina ya kuvipanga.

Njia ya pili: maadili ndani ya kila somo

*Darasani.* Hakuna kipindi kinachoitwa maadili. Swali la haki linakaa ndani ya hesabu yenyewe, na mwanafunzi hawezi kulikokotoa bila kulikanyaga.

Chukua lumbesa. Katika somo la masoko au ugavi, mpe mwanafunzi mfanyabiashara aliyenunua viazi kwa bei ya gunia la kilo 100, ila kila gunia limeshonewa kichwa cha kilo 30 zaidi. Amechukua magunia 200. Hesabu fupi inaonyesha kilo 6,000 zisizolipiwa, sawa na magunia 60 ya mkulima yaliyopakiwa bure. Muulize sasa faida ya yule mfanyabiashara ni shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zinatokana na biashara. Sihitaji kumtajia mtu kwamba Wakala wa Vipimo wanakataza, wala kwamba dini zetu zote mbili kubwa zinalaani mizani ya hila. Watayasema wenyewe, na darasani kwangu hubishana hadi nawafukuza ili darasa linalofuata liingie.

Kwenye fedha, chukua mkopo wa mtaani: laki moja leo, laki moja na elfu thelathini baada ya siku thelathini. Watu wameuita kausha damu, na jina halikosei. Riba ya asilimia 30 kwa mwezi, ikiachwa ijizidishe kwa mwaka, inazidi asilimia 2,200. Mwanafunzi akikokotoa namba hiyo kwa mkono wake haisahau. Ukitaka kumwonyesha upatu, rudi mwaka 2009, watu wengi wa Tanzania walipokuwa wamepanda "mbegu", yaani fedha zao, kwenye mpango wa DECI wakisubiri mavuno. Mwambie mwanafunzi achukulie kila mpandaji analipwa kwa fedha za wapya wawili, kisha ahesabu wapya wanaotakiwa kwenye duru ya ishirini. Ni zaidi ya milioni moja. Hapo atajua kuwa mpango wa namna hiyo ulikuwa umekufa tangu siku unazaliwa, na kwamba aliyeuuza angeweza kuijua hesabu hii.

Kwenye ukaguzi hatuna uhaba. Malipo ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu ya Tanzania, ambako zaidi ya shilingi bilioni 133 zilikwenda kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, yanafundisha uhakiki wa nyaraka kuliko sura yoyote ya kitabu. Kwa Kenya, Imperial Bank, iliyowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, Oktoba 2015, inamlazimisha mwanafunzi kuuliza wakaguzi walikuwa wanakagua nini miaka yote ile. Na kwenye uhasibu wa biashara ndogo, vitabu viwili, kimoja cha mwenye duka na kingine cha mamlaka ya mapato, ni jambo ambalo nusu ya darasa wameliona nyumbani kwao.

*Kwa mwalimu.* Inadai kila mhadhiri aandike upya mifano yake, na inadai mtu mmoja wa kufuatilia. Hii ndiyo njia ghali kuliko zote kwa muda, ingawa haiongezi hata shilingi kwenye bajeti.

*Kinachobaki.* Mazoea ya jicho. Mhitimu aliyezoea kuona mkulima ndani ya hesabu ya gunia huendelea kumwona akiwa mnunuzi wa kampuni. Kwa ninavyowajua wahitimu wangu, hii ndiyo nguvu kubwa ya njia hii, kwa sababu maadili hayakuja kama mgeni aliyealikwa siku moja.

*Panapovuja.* Cha wote hakina mwenyewe. Kwenye waraka wa mtaala kila somo limetiwa alama kuwa "linajenga maadili", na darasani mwalimu aliyebakiza wiki mbili anaruka mfano wa lumbesa ili amalize mada. Mtihani ukija na hesabu tupu, mwanafunzi anajua kipi kilikuwa mapambo. Kuna na hatari nyingine: mwalimu wa fedha asiye na misingi anaweza kuishia kusema "hii ni mbaya" bila kueleza kwa nini, na kijana mwerevu akimbana kwa hoja, mwalimu hana pa kushika.

*Inamfaa* idara ndogo yenye watu wanaosikilizana, na mhadhiri mmoja mmoja asiyetaka kusubiri kamati. Kwa huyo wa pili ndiyo njia rahisi kuanza: kubadilisha swali la jaribio lake hakuhitaji saini ya mtu.

Njia ya tatu: mazoezi ya kusema

*Darasani.* Njia hii ilisukwa na Mary Gentile wa Marekani, ikianzia kwenye ushirikiano wa Aspen Institute na Yale. Alikuwa amefanya kazi ya kufundisha maadili Harvard kwa miaka, akaona mjadala wa "lipi ni sahihi?" hauwafikishi wanafunzi mahali. Akageuza swali. Tuchukulie unajua tayari lililo sahihi. Utasema nini, kwa nani, lini, na atakujibu nini? Mwanafunzi anaandika maneno yake, anayasema kwa sauti mbele ya mwenzake, anakosolewa, anarudia.

Gentile aliorodhesha visingizio ambavyo mtu atakutana navyo, na ajabu ni jinsi vinavyoingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa. Kila mtu anafanya hivi. Ni kitu kidogo tu. Mimi nimetumwa. Mkubwa amenilea, nitamgeukaje? Darasani kwangu tumeviandika ubaoni na kila jozi inapewa kimoja cha kukijibu.

Hapa ndipo ugumu wetu wa kweli unapojitokeza. Kijana wetu haogopi tu kufukuzwa. Anaogopa kukosa adabu. Anayemwagiza aingize risiti ya uongo ni mzee wa umri wa baba yake, aliyempokea vizuri, pengine ndiye aliyemtafutia kazi. Kumwambia "hapana" usoni ni kama kumtukana. Kwa hiyo mazoezi yetu hayawezi kuwa ya kijana kusimama na kutangaza msimamo. Lazima yapite kwenye njia za heshima tulizo nazo, na njia hizo zipo nyingi. Hili hapa zoezi moja ambalo wanafunzi walilijenga wenyewe, nikalibakiza:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Ile risiti umeshaiingiza?"

"Bado, mzee. Nimekwama kidogo, nikaona nije unisaidie. Mkaguzi akiniuliza ilikuwaje gari moja likanunuliwa matairi manane kwa mwezi, nimjibu nini?"

"Wewe ingiza tu, mkaguzi niachie mimi."

"Sawa mzee, nimekuelewa. Basi naomba uniandikie mstari mmoja hapa chini na sahihi yako, maana kwenye mfumo jina linaloonekana ni langu, na sitaki kesho nikaulizwa nikakuharibia."

Hakuna neno hata moja la ukosefu wa adabu pale, na risiti haijaingia. Kijana ameuliza badala ya kushtaki, amemwachia mzee mlango wa kurudi nyuma bila kuaibika, na ameweka sharti. Wapo watakaosema ni ujanja. Mimi naona ni ujasiri uliovaa nguo zetu.

*Kwa mwalimu.* Inadai visa vifupi vya kweli na uvumilivu wa kelele. Inadai pia jambo moja ambalo vyuo vyetu hawalipendi: zoezi lifanyike kwa Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini agizo la kuficha hesabu halitolewi kwa Kiingereza. Linatolewa kwa Kiswahili cha upole, mlango ukiwa umefungwa nusu. Kijana aliyefanya mazoezi kwa lugha nyingine atafika pale akiwa bubu. Niliruhusu Kiswahili kwa mara ya kwanza nikiwa na wasiwasi wa kukiuka taratibu, na wanafunzi ambao hawakuwahi kufungua mdomo muhula mzima ndio waliokuwa hodari kuliko wote.

*Kinachobaki.* Ulimi ulioandaliwa. Mtu aliyewahi kuyatamka maneno mara tatu huyapata kwa urahisi mara ya nne, hata moyo ukidunda.

*Panapovuja.* Njia inachukulia kwamba mwanafunzi anajua tayari lililo sahihi, na kuna mambo hajui. Je, zawadi ya Idi au Krismasi kutoka kwa mzabuni ni ukarimu au rushwa? Mazoezi hayamjibu, hapo anahitaji njia ya kwanza. Pia yanaweza kumdanganya kwamba ukisema vizuri, mambo yataisha vizuri. Mwalimu mkweli ataleta darasani maisha ya David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za malipo kwa kampuni ya Goldenberg, ambayo ilikuwa inafidiwa na serikali kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi. Alikamatwa, akapoteza kazi mwaka 1993, akaishi kwa dhiki na kufariki mwaka 2006. Nchi ilipata ukweli kupitia kwake, na yeye alilipa. Simalizi kisa hicho kwa faraja. Nawauliza wanafunzi: nani mwingine ofisini mle angeweza kusimama naye, na ingebadilisha nini wangekuwa watano?

*Inamfaa* mwalimu wa mwaka wa mwisho, hasa kabla ya fildi, na kozi za watu wazima. Darasa la watu 300 haliizuii: wageuze wawili wawili kwa dakika kumi. Haimfai mwalimu anayehitaji kimya ili ajisikie anafundisha.

Njia ya nne: malezi na mfano wa mwalimu

*Darasani.* Kinachotokea hapa hakimo kwenye silabasi. Ni saa unayoingia, siku unayorudisha majaribio, jinsi unavyomjibu aliyepinga alama zake, unachofanya ukigundua umekosea kwenye ubao. Upande wa mpango ni ulezi rasmi: kila mwalimu na kundi dogo la wanafunzi anaokutana nao kwa muda maalumu. Strathmore ya Nairobi imejulikana kwa utaratibu wa namna hiyo wa kumpa mwanafunzi mlezi.

Nina deni la kusimulia hapa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi aliniletea kitabu chake cha kumbukumbu za fildi nisaini. Wiki nane zote ziliandikwa kwa kalamu moja, wino uleule, na saini ya msimamizi wa ofisini ilikuwa imepigwa mara nane kwa mkupuo. Ilikuwa Ijumaa jioni, nilikuwa na vitabu arobaini mezani. Nilisaini. Alinishukuru, na uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amejua nitasaini. Muhula ule ule nilikuwa nimemfundisha ukaguzi, pamoja na mhadhara mzima juu ya mkaguzi kutosaini asichokihakiki. Sijui amekumbuka nini kutoka kwenye mhadhara ule. Nina hakika anaikumbuka Ijumaa ile.

*Kwa mwalimu.* Inadai mtu mwenyewe, na hailipwi. Kuna mstari wa chini kabisa ambao hata kuutaja kunauma. Mwalimu anayeuza alama, anayelazimisha wanafunzi kununua desa lake, au anayedai rushwa ya ngono, ambayo kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinaihesabu kuwa kosa la jinai, ameshafundisha somo lake la maadili, na hakuna somo la idara litakalolifuta kwa yule aliyeumizwa. Idara inayomjua na kunyamaza inafundisha pamoja naye.

*Kinachobaki.* Mtu wa kumkumbuka. Wahitimu wachache hunipigia simu wakiwa wamebanwa kazini. Hakuna aliyewahi kuniuliza nadharia. Wanasema, "Mwalimu, hapa ingekuwa wewe ungefanyaje?"

*Panapovuja.* Mlezi mzuri huwafikia wachache, na mara nyingi wanaomfuata ni wale ambao wangekuwa sawa hata bila yeye. Ukaribu unaweza kugeuka upendeleo, na wengine wakajifunza kwamba mambo huenda kwa kujuana. Mlezi anaweza pia kuchanganya maadili ya kazi na dini yake au siasa zake, mbele ya kijana ambaye alama zake ziko mikononi mwake. Ulezi mwema una mlango ulio wazi, kwa maana zote mbili za neno hilo.

*Inamfaa* chuo chenye madarasa madogo, na mwalimu mwenye muda wa kudumu chuoni. Walimu wa muda hawana nafasi ya ulezi, ila nusu yake ile nyingine, ya mfano, haimwachi mtu yeyote nje.

Viapo navipitia haraka. Mwaka 2009 wanafunzi waliokuwa wanahitimu Harvard walianzisha kiapo cha hiari cha wasimamizi wa biashara, na wazo hilo lilisambaa. Kwangu kiapo ni sherehe nzuri ya kufungia kazi iliyofanyika. Kama hakuna kazi iliyofanyika, kijana anaapa juu ya nini?

Kwa hali yako

Kama wewe ni mkuu wa idara na bodi inakuja kukagua mtaala mwaka huu, weka somo linalojitegemea, ila lipe mwalimu anayelitaka na uliweke mwaka wa pili, wanafunzi wakiwa wameshajua urari na bado hawajaenda fildi. Mkataze kutumia maswali ya kueleza maana ya maneno kwa zaidi ya robo ya mtihani.

Kama ratiba imejaa na wenzako wanaelewana, peleka maadili ndani ya masomo. Chagueni masomo matatu tu mwaka wa kwanza wa utekelezaji, kila moja kisa kimoja, na swali la kisa hicho liingie kwenye mtihani wa mwisho likiwa na alama za kutosha kumfanya mwanafunzi alisome. Mteue mtu wa kuziona karatasi hizo kabla hazijachapwa.

Kama wenzako hawaelewani, usiwangoje. Darasa lako linatosha kwa njia ya pili au ya tatu.

Kama unafundisha watu walio kazini, hasa wa manunuzi, mikopo na kodi, anza na mazoezi ya kusema, na visa viwe vyao. Waombe waviandike bila majina ya watu wala ya ofisi.

Kama wanafunzi wako ni wa cheti, umri wa miaka 18 hivi, na wengi watakwenda kushika keshi na stoo, mazoezi na mfano vitawafaa kabla ya nadharia. Kijana wa stoo anahitaji kujua atamwambia nini dereva anayetaka asainiwe mifuko 50 wakati imeshuka 47, na anahitaji kujua hilo wiki ya kwanza ya kazi.

Kama chuo chako kina tatizo linalojulikana la alama kuuzwa au wanafunzi kunyanyaswa, ahirisha mjadala wa njia. Somo jipya la maadili juu ya hali hiyo litawakatisha tamaa wanafunzi waliobaki na imani. Anzeni na namna ya kusahihisha karatasi bila majina, msahihishaji wa pili, na mahali salama pa kupeleka malalamiko.

Na kama wewe ni mwalimu wa muda, muhula unaanza Jumatatu na hakuna aliyekuuliza lolote, chukua jaribio lako la mwaka jana, tafuta swali moja lenye gunia, mkopo au risiti ndani yake, uliandike upya ili aliyeumia aonekane. Jumatatu hiyo hiyo waambie wanafunzi tarehe utakayowarudishia karatasi zao. Iandike kwenye daftari lako pia.